Imprimanti inapotea kila moto ikikata na kurudi, na arp -a inaonyesha adresi ingine. Nani anatoaka hizi adresi?

Sekretaria_Katindo (Goma)

Bakubwa jambo. Niko na sekretaria publike hapa Katindo, si kubwa, masini ine, suichi moja ndogo ya porti munane, ruteri yenye inatoa wifi na imprimanti moja ya rezo yenye tumefunga na kable. Fundi mwenye aliniwekea alipatia imprimanti adresi 192.168.1.20 akasema usiiguse, na kweli ikienda inaenda miezi bila shida. Shida ni moto. Ikikata na kurudi, mara ingine hakuna kitu inatoka, Windows inaandika tu «hors connexion», kazi zinapangana mulolongo ku ekra, na bwanafunzi ba TFC bamesimama ku mulango kila mutu anasema yeye njo alifika wa kwanza.

Chenye kinanichanganya ni kwamba nikifanya ping 192.168.1.20 INAJIBU. Kama inajibu maana iko, si ndiyo? Me karatasi haitoke. Na kisha saa moja ao mbili inarudi yenyewe bila mutu kuigusa.

Kuko kijana alipita kuskane bulleten yake akaniambia piga arp -a kwenye ile dirisha nyeusi. Nimepata hii, nimeficha katikati:

Interface : 192.168.1.11 --- 0x7
Adresse Internet / Adresse physique / Type
192.168.1.1 / c4-xx-xx-xx-xx-10 / dynamique
192.168.1.12 / 00-xx-xx-xx-b3-09 / dynamique
192.168.1.20 / 8a-xx-xx-xx-1d-e2 / dynamique
192.168.1.255 / ff-ff-ff-ff-ff-ff / statique

Sasa nyuma ya imprimanti kuko etiketi, MAC yake (njo hiyo «adresse physique») inaanza na 00 na inaisha na 4c-71. Hazifanane hata kidogo! Kijana akasema «muzee uko na mwizi mu rezo» akalipa akaenda zake, akaniacha na roho juu. Ninyi munaona aje? Na hii «adresse physique» masini yangu iliitoa wapi, ni ruteri inaigawanya ao?

---

mutu_wa_kable (Goma)

Ndugu wa Katindo tuliza roho kwanza, mwizi tutamuongelea badaaye.

Hakuna mwenye anagawanya. Masini yenyewe njo inauliza. Ukibonyeza Imprimer, ile masini yako ya .11 inaangalia kwanza maski yake, 255.255.255.0, inaona .20 iko mu rezo moja na yeye, kwa hiyo haina haja ya kupitia ku geti ya ruteri, itatuma moja kwa moja. Lakini kadi ya rezo yenyewe haijue mambo ya IP (zile adresi za 192.168), inajua tu adresi MAC, zile baiti sita. Basi inaangalia mu liste yake, ile yenye umeona na arp -a, na ikikosa inatupa swali mu rezo nzima, kwa adresi ff-ff-ff-ff-ff-ff, maana yake bote basikie: «Mwenye 192.168.1.20 ni nani? Aniambie miye 192.168.1.11, MAC yangu ni hii.» Kila kadi yenye iko ku suichi na kila simu yenye iko ku wifi yako inapata lile swali. Mwenye halimuhusu ananyamaza. Mwenye ile IP anajibu, na jibu haliendi kwa bote, linarudi kwa muulizaji peke yake, tena papo hapo yeye naye anaandika MAC ya muulizaji kwake sababu anajua bataongea tu.

Ni sawa na kuingia mu parsele ya bapangaji na kuita «Mama Furaha ni nani hapa?» Mwenye ataitika njo utamupatia muzigo, haumuombe karte ya elekteri. Na hapo njo penye shida yako iko. Hii kanuni inaitwa ARP, David Plummer aliiandika mu Novemba 1982, iko mu RFC 826 (RFC ni zile karatasi za kanuni za internet), na mpaka leo inafanya kazi vile vile. Mu ile barua yote (baiti 28 tu kwa rezo yetu hizi) kuko namba 1 kama ni swali ao 2 kama ni jibu, kuko MAC na IP ya mwenye anaongea, MAC na IP ya mwenye anatafutwa, na alama chache za kusema ni rezo ya namna gani, basi. Fasi ya saini ao ya modipasi hakuna. Mwenye kasema «ni miye» anaaminiwa.

Sasa angalia ile 8a yako. Mu MAC, ile alama ya pili, yaani «a» ya mu 8a, ikiwa ni 2, 6, a ao e maana yake adresi haikutoka ku kiwanda, ni chombo chenyewe kimejitungia. Simu njo zinafanyaka hivyo sana: Android tangu ya 10 mu 2019, iPhone tangu iOS 14 mu 2020, kila wifi simu inajivalisha MAC ingine ili isifuatiliwe. Kwa hiyo naamini 192.168.1.20 yako iko mu mufuko ya suruali ya kliyan moja.

Fanya hivi: siku itaharibika tena, tuma hapa yale majibu ya ping, yote, na ile milisekunde. Na uingie mu ruteri uangalie DHCP (hiyo njo inagawanya adresi IP) inagawanya kuanzia ngapi mpaka ngapi.

---

Sekretaria_Katindo

Mukubwa aksanti, moto haikuchelewa kunisaidia, imekata leo saa nane na imerudi saa tisa hivi 😅 Haya:

Réponse de 192.168.1.20 : octets=32 temps=9 ms TTL=64
Réponse de 192.168.1.20 : octets=32 temps=147 ms TTL=64
Réponse de 192.168.1.20 : octets=32 temps=88 ms TTL=64
Délai d'attente de la demande dépassé.

Mu ruteri DHCP inaanza .2 inaishia .254. Na kitu ingine ya ajabu, masini ya .12 yenye iko pembeni yangu, hiyo inaimprime vizuri kabisa! Suichi moja, kable za namna moja, me moja inatoa na ingine haitoe. Hapo miye nimekubali kama ni uchawi.

---

mutu_wa_kable

Hakuna uchawi. Imprimanti yenye iko ku kable mita tatu ingekujibu «temps<1ms» kila mara, haiwezi kukawia 147. Hiyo kukawia ni wifi na simu yenye inasinzia ili kuchunga batri. Ping inajibu, ndiyo, lakini ni simu ya mutu inakujibu, na simu haina wino.

Kilichofanyika ni hivi. Imprimanti yako fundi aliipa .20 kwa mukono, haikuombaka kitu ku DHCP, kwa hiyo ruteri haijue kama iko. Na fundi akaacha DHCP igawanye kutoka .2 mpaka .254, ile .20 iko ndani kabisa! Siku zingine haionekane sababu ruteri iko na kumbukumbu ya nani amepata nini na inaendelea mbele. Moto ikikata, ruteri ndogo nyingi zinasahau ile liste yote, iko mu memwari tu. Ikirudi, ruteri inaamuka haraka, simu za bakliyan zinakimbilia wifi zote wakati moja, namba zinagawanywa upya, na imprimanti bado inapasha moto na kuzungusha barulo zake. Kwa sheria, mwenye anapewa namba anapaswa kwanza kuuliza mu rezo «kuko mutu na .20?» na ruteri nayo ingefaa ijaribu mbele ya kutoa, lakini imprimanti haijaamuka, nani atajibu? Kimya. Simu inachukua. Dakika moja badaaye imprimanti inaamuka nayo na .20 yake. Sasa bako babili.

Masini ya .12 kuimprime na ya .11 kukataa: kila masini iko na liste YAKE, hakuna liste moja ya rezo yote. Ikiuliza, bote babili banajibu, na mara nyingi jibu lenye limekuja nyuma linafuta la kwanza. Simu ni wa wifi, anakawia, anajibu wa mwisho, anashinda. Njo hiyo inanichekeshaka, mwenye polepole anashinda wa mbio. (Linux iko na kinga kidogo, kwa sekunde moja ya kwanza haikubali kubadilisha.) Masini yenye iliuliza wakati simu ilikuwa imesinzia kabisa ilipata jibu la imprimanti peke yake, na hiyo inaendelea kuimprime.

Na «inarudi yenyewe» ni kwa sababu kliyan amelipa ameenda na simu yake. Windows haichunge MAC milele, tangu Vista inaiamini kati ya sekunde 15 na 45 hivi, kisha ikihitaji tena inaverifye. Simu haiko tena, imprimanti inajibu peke yake, karatasi zinatoka. Ingekuwa rezo ya ofisi kubwa na ruteri ya Cisco, hiyo inachunga saa ine kama hakuna mwenye alibadilisha, hapo ungelia kabisa.

---

Binti_Kadutu (Bukavu)

Naruhusu niingie. Mukubwa amesema kweli kwa simu, lakini tusimuambie ndugu yetu kama mwizi hawezekane, maana ni kanuni hii hii bezi banatumiaka. Mutu anakaa ku wifi yako anatuma majibu ya uongo bila kuulizwa, anaambia masini zote «192.168.1.1 ni miye» na anaambia ruteri «bale bote ni miye», sasa kila kitu kinapita kwake mbele ya kutoka. Hiyo utaiona vipi? Angalia mustari ya ruteri, ile .1. Kama MAC ya .1 inafanana na MAC ya adresi ingine mu liste, hapo shituka. Kwako .1 ni c4 na hakuna mwenye anafanana nayo, kwa hiyo leo uko salama. Andika ile MAC ya ruteri ku karatasi, bandika ku ukuta, siku ingine utalinganisha.

Me angalisho: huku Bukavu sababu ya milima na manyumba ya kupandana, batu banaweka ma-repetera (vyombo vya kufikisha wifi mbali) kila fasi. Repetera nyingi za bei ndogo zinavalisha masini zote zenye ziko nyuma yake MAC moja, ya repetera yenyewe. Utaona IP tano ziko na adresi physique moja, na hakuna mwizi hata moja. Nimeona mutu akibadilisha modipasi ya wifi kila siku ya Mungu juu ya hiyo.

Tena kitu moja yenye batu banachanganyaka, suichi nayo iko na liste yake, lakini ile ni ya MAC na porti tu, «huyu iko ku porti 3», IP haijue. Inajifunza kwa kuangalia nani ametuma kutoka porti gani, na nyingi zinasahau nyuma ya dakika tano za kimya. ARP iko mu masini na mu simu, haiko mu suichi ya kawaida. Ukizima suichi na kuiwasha haujasafisha ARP ya mutu yeyote.

---

petit_wa_Ndosho (Goma)

Samahani bakubwa, miye bado nasoma tu. Kama IP iko tayari, MAC ni ya kazi gani? Na kama nafungua site ya Ulaya, masini yangu nayo inauliza «nani iko na hiyo IP» mpaka Ulaya?

---

Binti_Kadutu

Swali ya muzuri petit. Hapana, haliendi hata mita moja nje ya rezo yenu. Masini inaangalia maski, inaona ile IP ya Ulaya haiko ya nyumbani, basi haiulize juu yake, inauliza juu ya ruteri: «192.168.1.1 ni nani?» Inafunga barua, IP ya kufikia imebakia ile ya Ulaya, lakini MAC ya kufikia ni ya ruteri. Ruteri inatosha ile MAC, inaweka ingine ya hatua inayofuata, na vile vile mpaka mwisho. IP ya kufikia inasafiri mpaka kule, MAC inabadilishwa ku kila hatua. Njo maana mu arp -a hautaonaka adresi ya site hata moja, ni jirani tu. Na batu benye banaogopeshaka bengine ati «site imeona MAC yako»… haiwezi kuiona kwa njia hiyo.

Na mu IPv6 (IP za namna mupya) hakuna tena kuita bote. Kuko kitu kinaitwa Neighbor Discovery, RFC 4861 ya 2007, swali linatumwa ku kikundi kidogo chenye kinahesabiwa na alama sita za mwisho za IP yenyewe, kwa hiyo karibu ni mwenyewe peke yake anasikia. Lakini kuamini bila kuuliza karte, hiyo haijaisha.

---

KatubaNet (Lubumbashi)

Batu ba Kivu munaongea sana hahaha, mutu iko anangojea dawa. Ndugu, fungua dirisha nyeusi «en tant qu'administrateur», andika

arp -d 192.168.1.20
arp -s 192.168.1.20 00-xx-xx-xx-4c-71

ku kila masini, na MAC kamili ya ku etiketi. Ya kwanza inafuta ile mustari ya zamani, ya pili inaandika mupya kwa mukono. Kwa Windows unaandika na vile vistari, si na nukta mbili. Ile mustari itakuwa «statique», simu ijibu isijibu masini haitasikiliza tena. Kwisha. Paka hiyo.

---

mutu_wa_kable

KatubaNet kaka, hiyo ni plasta. Ukizima masini ile mustari inapotea, na Katindo moto inakatika, atakuwa anaiandika kila siku. Kuko njia ya netsh (komandi ingine ya Windows) yenye inabakia, me siku atabadilisha imprimanti, na miye najua hatakumbuka, atakuja hapa kuuliza kwa nini imprimanti mupya haijibu wakati kila kitu kiko sawa. Tena simu ya kliyan nayo itaendelea kuteseka, sababu ruteri haijui kati ya babili amutumie nani.

Dawa iko mu ruteri. DHCP ianze .100 iishie .199, simu mia zinatosha kwa sekretaria. Kutoka .2 mpaka .99 hakuna atakayepewa tena, imprimanti inabakia na .20 yake kwa amani. Ao ukipenda, fanya rezervasyo: unaandika MAC ya ku etiketi mbele ya .20, na unaweka imprimanti yenyewe mu DHCP, kila mara itapata ile ile. Miye napenda ya kwanza kwako, sababu siku ruteri ikiungua na moto ikirudi kwa nguvu, rezervasyo inaungua nayo. Ukimaliza zima wifi na uiwashe, simu zenye zilikuwa na namba za zamani zichukue mupya, la sivyo moja itabakia na .20 mpaka muda wake wa DHCP uishe, na hiyo inaweza kuwa siku nzima.

---

KatubaNet

Bon, kwa netsh na kwa moto nimekubali. Huku kwetu nako si inakatikaka. Me kiisha hapo bakliyan bakae mu wifi yao, ruteri nyingi ziko na «réseau invité», unaiwasha na jina ingine na modipasi ingine. Bale ba kule hata swali la ARP la masini zako habalisikie, kwa hiyo habawezi kujibu, si kwa bahati mbaya si kwa ubaya. Na yule mwizi wa Binti Kadutu naye anabakia nje.

---

Sekretaria_Katindo

Bandugu! Nimeweka .100 mpaka .199, nimezima wifi nikawasha, arp -d ku masini zote ine, na sasa .20 inaonyesha 4c-71 ku zote. Ping ni <1ms. Jioni nimetosha fiche mu prizi kwa makusudi, nikarudisha ruteri kwanza na imprimanti nyuma, simu sita ziko ku wifi, hakuna mwenye alichukua .20.

Swali moja tu kwa kaka wa Katuba mbele sijawasha hiyo ya invité. Kuko bakliyan banatumaka kuimprime kutoka ku simu yenyewe, simu inaona imprimanti mu liste banachagua pagi. Hiyo itabakia?

---

KatubaNet

Hapana, hiyo itakufa. Simu inatafutaka imprimanti kwa kuita mu rezo kama vile, ikiwa mu invité sauti yake haifike. Benye banafanya hivyo ni bangapi ku siku? Kama ni babili batatu, bakutumie PDF ku WhatsApp ao balete na klé USB, uimprime weye ku masini yako. Na kwa klé skane virisi kwanza.